Maji Twahara Huenda Yasiwe Salama

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyejaalia uhai wa viumbe vyote kutokana na maji, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na masahaba zake.

Ni miji michache ya Tanzania iliyopewa neema ya maji kama Bukoba. Mvua yake kwa mwaka hufikia kiasi cha milimita 2,000, mto Kanoni wapita mjini, na mbele yake limetandazwa Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ukienda kusini mpaka Muleba waliona ziwa lile lile, na baadhi ya watu wa wilaya hiyo wakaa katika visiwa vya Bumbire, Goziba, Ikuza na Kerebe, wamezungukwa na maji pande zote. Hata wale wakaao juu ya vilima, migombani, wana chemchemi zao mabondeni, ambako akina mama na watoto hushuka na ndoo tupu na kupanda nazo zimejaa.

Lakini wingi wa maji si usalama wake. Simama ufukoni asubuhi utazame. Huyu afua nguo, yule aosha chombo chake, wa tatu akumba maji machafu ya mtumbwi, na katikati yao amesimama mtoto na ndoo aliyotumwa na mama yake. Maji ya ndoo ile yatamiminwa mtungini, na kutoka mtungini yataingia katika kata ya kutawadhia na katika kikombe cha kunywea. Baba atatawadha kwayo, na mtoto wa miaka miwili atayanywa. Na nyumba nyingi zetu zaamini ya kwamba yakifaa kwa hili yamefaa kwa lile. Hilo ndilo kosa tunalotaka kulizungumza na wasomaji wetu mwezi huu, pamoja na elimu moja ya kisasa ya kuchuja maji, ambayo vijana wetu hawana budi kuijua.

KIPIMO CHA IBADA NA KIPIMO CHA AFYA

Kila mtoto aliyesomeshwa Safinatun Najaa chuoni ajua ya kwamba maji ni namna mbili, machache na mengi. Machache ni yale yasiyofika kulla mbili, ambazo hukadiriwa kuwa kiasi cha lita 200 hivi, nayo yakiingiwa na najisi huharibika papo hapo. Mengi ni yale yaliyofika kulla mbili au kuzidi, na hayo hayawi najisi mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu.

Kwa kipimo hicho Ziwa Viktoria ni twahara. Mvuvi wa Goziba atawadhaye ziwani alfajiri, udhu wake ni sahihi na Sala yake yasihi. Hatupendi mtu asome maneno yetu kisha aingiwe na wasiwasi katika ibada yake, kwani wasiwasi nao ni maradhi. Lakini sheria ilipotupa kipimo hicho ilitupa cha ibada. Haikutuambia ya kwamba kila maji yafaayo kutawadhia yafaa pia kunywewa.

Wanavyuoni wetu wa kale waliijua tofauti hii kabla ya kuwako darubini ya kuonea vijidudu. Katika vitabu vya madhehebu ya Imam Shafi mna mlango mashuhuri juu ya maji yaliyopashwa moto na jua katika vyombo vya madini, katika nchi za joto. Wengi wao walisema maji hayo ni twahara na yatwaharisha, lakini ni makuruhu kuyatumia mwilini yangali moto, kwa kuhofia yasilete barasi. Tusishughulike hapa na hofu hiyo kama ina dalili ya utabibu au haina. Tutazame namna walivyofikiri: maji yaweza kuwa hayana dosari yoyote katika tohara, na bado mwanachuoni akamwambia mtu ajiepushe nayo kwa ajili ya mwili wake.

Na katika zama zetu, mwaka wa 1978, Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudi Arabia liliulizwa juu ya maji machafu ya mijini ambayo mitambo huyasafisha. Likaamua ya kwamba yakisafishwa kwa ukamilifu hata isibakie alama yoyote ya najisi katika ladha, wala rangi, wala harufu, basi yamerudi kuwa twahara, na yafaa kwa udhu na josho. Kisha likaongeza jambo ambalo kila mzazi apaswa kulikumbuka: kama kuna madhara ya afya katika kuyanywa, basi yasinywewe, na sababu ya kukatazwa huko ni madhara, wala si najisi.

Basi milango ni miwili. Wa kwanza ni wa najisi, na mlinzi wake ni jicho, pua na ulimi. Wa pili ni wa madhara, na mlinzi wa kwanza hana habari nao. Kijidudu cha kipindupindu urefu wake ni kiasi cha mikromita 2, na mikromita ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Hakina rangi, hakina ladha, hakina harufu. Maelfu yao waweza kukaa katika maji ya kikombe kimoja, na maji yakabaki maangavu kama machozi. Nchi yetu haihitaji kukumbushwa matokeo yake: kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kiliendelea nchini mpaka mwaka wa 2018, kikaugua kwacho watu zaidi ya 30,000, na waliokufa walizidi 500. Bila shaka wengi wao walikunywa maji ambayo wangeweza kutawadhia.

MLANGO WENYE BAWABU

Dawa ya kale na ya hakika ni kuchemsha. Maji yakitokota barabara vijidudu hufa. Lakini kuchemsha kwataka kuni au mkaa kila siku, na mama ambaye kuni zake zatosha kupikia ndizi tu, usimlaumu akiacha sufuria ya maji. Iko pia dawa ya klorini, nayo ni nzuri, ila yataka kipimo, tena maji yakiwa na tope nguvu yake hupungua. Njia ya tatu ni kuchuja.

Kuchuja si jambo geni kwa watu wa Kagera. Zikiiva ndizi za kukamulia, hukandwa pamoja na nyasi mpaka maji yake matamu yatoke, nazo nyasi zikashika makapi. Kila chujio duniani lafanya kazi hiyo hiyo. Ni mlango wenye bawabu, ampitishaye huyu na kumzuia yule kwa kutazama kimo chake. Nyasi huzuia makapi. Kitambaa cha kanga huzuia mchanga na takataka, lakini tundu za kanga kwa kijidudu ni kama mlango wa msikiti kwa sisimizi. Yatakiwa chujio ambalo tundu zake ni ndogo kuliko kijidudu chenyewe, na chujio hilo ndilo liitwalo utando.

Mwaka wa 1748 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Jean-Antoine Nollet, alifunika chombo cha kimiminiko kwa kibofu cha mnyama, akakizamisha majini, akaona maji yamepenya yakaingia ndani hata kibofu kikavimba. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili jambo hilo lilibaki la kutazamwa maabara. Kisha kiasi cha mwaka wa 1960, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Sidney Loeb na mwenziwe Srinivasa Sourirajan, mzaliwa wa India, walitengeneza utando ulioweza kutoa chumvi katika maji upesi hata ukafaa kwa kazi. Mwaka wa 1965 mji mdogo wa Coalinga, huko huko California, ukaanza kupata maji ya kunywa kwa njia hiyo.

Je, utando ule ulitengenezwa kwa kitu gani? Ulitoka katika selulosi, ambayo ndiyo mwili wa pamba na wa miti. Wakemia waliichukua selulosi wakaiunga na asidi itokanayo na jamii ya siki, ikawa kitu kipya kiyeyukacho na kutandazwa kama karatasi nyembamba. Kwa hivyo tangu mwanzo siri haikuwa katika tundu peke yake. Ilikuwa pia katika kuibadili tabia ya kitu kwa njia ya kemia, kikapata sifa ambazo hakikuwa nazo.

Siku hizi tando nyingi hufanywa kwa polima. Polima ni kitu ambacho chembe zake ndogo zimeshikana moja baada ya moja, kama shanga za tasbihi katika uzi, lakini tasbihi yenye shanga maelfu kwa maelfu. Plastiki ya ndoo ni polima, na nailoni ni polima. Polima itumikayo sana kwa kuchuja vijidudu yaitwa polietasalfoni. Ni imara, yastahimili joto na dawa za kusafishia, na yaweza kufanywa karatasi au nyuzi zenye uwazi ndani kama mirija. Tundu zake zaweza kuwa za mikromita 0.02 tu, yaani kijidudu cha kipindupindu ni kikubwa mara 100 kuliko mlango anaotaka kuupita. Hata virusi vingi viharishavyo watoto hukwama hapo.

MARADHI YA UTANDO

Basi mtu atasema, kama ni hivyo tatizo limekwisha. La, halijaisha, na hapa ndipo penye shida kubwa ya elimu hii.

Nenda jikoni baada ya kula pilau, uoshe bilauri ya kioo na bakuli la plastiki. Bilauri hutakata kwa maji kidogo, lakini bakuli, hata ulisugue, mafuta hayaliachi. Sababu ni kwamba plastiki nyingi tabia yake ni kuyakimbia maji na kuyakumbatia mafuta. Tone la maji juu yake hujikunja likabingirika, kama juu ya jani la gimbi, ila mafuta na utelezi hulala juu yake na kushikamana. Na polietasalfoni ni katika ukoo huo, ijapokuwa si mkali kama wengine.

Sasa fikiri utando huo umetiwa katika maji ya ziwa. Ndani ya maji mna mwani, mna ute wa vijidudu, mna mabaki ya majani na ya samaki. Vyote hivyo vikifika juu ya utando havizuiwi tu, bali hunata. Leo tabaka moja, kesho la pili juu yake, na vijidudu vikajenga makazi katika utelezi huo na kuzaana. Utando haukutoboka wala haukuoza, lakini maji hayapiti. Lita iliyokuwa ikishuka kwa dakika chache yachukua saa nzima, na mwenye nyumba akichoka kungoja hulitupa chujio chini ya kitanda na kurudi kwenye kata yake.

Hiyo ndiyo sababu wakemia wameshughulika miaka mingi na uso wa utando kuliko tundu zake. Nia yao ni moja: kuufanya uso ule uyapende maji, ili maji yaulalie na kuufunika, na uchafu ukija ukute maji mbele yake wala usikute plastiki ya kushika. Njia zao ni kadha wa kadha, nasi twazitaja zilizo kubwa.

Ya kwanza ni kuchanganya. Polima ingali uji, kabla haijatandazwa, hutiwa polima nyingine ipendayo maji, zikagandamana pamoja. Njia hii ni nyepesi na yatumika sana viwandani, lakini baadhi ya kile kilichochanganywa huweza kutoka kidogo kidogo kwa miaka, na utando ukarudia tabia yake.

Ya pili ni kupaka. Utando uliokwisha tengenezwa hupakwa ngozi nyembamba mno ya kitu kipendacho maji. Hatari yake ni mbili: ngozi ikiwa nene huziba tundu, na ikiwa haikushika sawasawa huambuka.

Ya tatu ni kupandikiza, na wakulima wetu watalifahamu jambo hili upesi, maana wajua kupandikiza mchungwa juu ya shina la mlimau. Uso wa polima huamshwa kwa mwanga mkali usioonekana kwa macho, au kwa gesi iliyotiwa umeme, mpaka ukawa tayari kushikana na kitu kigeni. Kisha minyororo mifupi ya kitu kipendacho maji huoteshwa juu yake, ikasimama kama manyoya ya zulia, na kila unyoya umeshika maji. Kwa kuwa umeunganika na polima yenyewe, hautoki upesi kama rangi iliyopakwa.

Ya nne ni kuutia uso wa utando chaji ya umeme ya namna moja na ile ya uchafu. Vijidudu vingi, na mabaki ya majani yaliyooza ambayo huyapa maji rangi ya chai, huwa na chaji hasi. Polima ikiunganishwa na asidi ya salfa kwa njia maalumu nayo hupata chaji hasi, na vitu vyenye chaji moja hufukuzana.

ZIWA MOJA, PWANI TATU

Mambo haya hayakubaki Ulaya na Marekani. Ziwa letu lina pwani tatu, ya Tanzania, ya Uganda na ya Kenya, na katika pwani ya Kenya, mjini Kisumu, ulianzishwa mwaka wa 2016 mradi ulioitwa VicInAqua, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya na kusimamiwa na chuo kikuu cha sayansi za ufundi cha Karlsruhe, Ujerumani. Penye mabwawa ya maji machafu ya mji, mahali paitwapo Nyalenda, wataalamu waliweka mtambo wa kuchuja maji hayo kwa tando za polima, yapate kutumika katika ufugaji wa samaki. Umeme wake ulitegemea jua.

Sehemu iliyokuwa mpya ilikuwa ngozi ya utando. Wataalamu wa jamii hiyo ya tando huchukua mafuta, maji na kitu cha asili ya sabuni, wakavichanganya mpaka vikapatana, mafuta na maji yakipita ndani ya mwenziwe kama mizizi ya miti miwili iliyopandwa pamoja. Kisha mchanganyiko huo hupakwa juu ya polietasalfoni na kugandishwa. Njia za mafuta zikawa ngumu, njia za maji zikabaki njia, na ile sabuni haikutoka, bali imefungwa katika ngozi yenyewe. Uso wa namna hiyo huyavuta maji, na vijidudu havipati raha ya kukaa juu yake. Kwa maneno mengine, ni chujio lililopakwa sabuni isiyosuuzika.

Na hapa Tanzania, Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, na mwalimu wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alibuni chujio ambalo maji hupita kwanza katika mchanga, kisha katika vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vidogo mno ili vikamate madini na sumu ambazo mchanga hauzikamati. Mwaka wa 2015 alipata tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi wa Afrika itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Chujio lake si utando wa polima, lakini fikira ni ile ile: jua kwanza ubaya wa maji ya mahali pako, kisha uibadili tabia ya kitu mpaka kipambane na ubaya huo. Maji ya Arusha yana madini ya floraidi yaharibuyo meno na mifupa. Maji ya ufukoni Bukoba na Muleba shida yake kubwa ni vijidudu. Chujio la huku huenda lisifae kule.

Yafaa pia tuseme lile ambalo tando haziwezi, ili asije mtu akadanganyika. Utando wa tundu za mikromita 0.02 hauzuii chumvi wala floraidi, maana hizo zimeyeyuka. Katika baadhi ya ghuba za ziwa letu, Kisumu na Mwanza zikiwamo, kuna majira ambapo maji hugeuka kijani kama rangi kwa wingi wa mwani, na baadhi ya mwani huo hutoa sumu. Utando huzuia mwani wenyewe, lakini sumu iliyokwisha toka na kuyeyuka hupita, wala kuchemsha hakuiondoi. Maji ya namna hiyo yasichotwe, yatafutwe mengine. Wala chujio halimlindi na kichocho mtoto aogeleaye ziwani, kwa kuwa vijidudu vya kichocho huingia kwa kupenya ngozi.

AMANA YA NYUMBA

Sasa twafika kwenye neno ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Mwaka wa 2011, katika Kenya ya Magharibi, kampuni ya Vestergaard Frandsen iligawa bure machujio ya nyuzi za utando yapatayo laki nane na zaidi, nyumba kwa nyumba. Ni chujio zuri, litundikwalo ukutani. Maji hutiwa juu na kushuka kwa uzito wake yenyewe, na lina kibofu cha kuminya ili maji yarudi nyuma na kuuosha utando. Wachunguzi waliporudi baada ya miaka miwili mitatu, nyumba zilizosema bado zalitumia hazikufika hata robo ya zile walizoziuliza.

Tusiwacheke jirani zetu, kwani sisi nasi tu vivyo hivyo. Kemia yaweza kuufanya utando uchafuke polepole, lakini hapana kemia itakayominya kile kibofu kwa niaba ya mwenye nyumba. Utando wataka kuoshwa kama Qur'ani itakavyo kudurusiwa: kidogo kidogo, kila siku, pasipo kuruka.

Basi nyumba iliyojaaliwa kupata chujio na iyashike haya. Maji yenye tope yaachwe kwanza yatulie, kisha yapitishwe katika kitambaa safi ndipo yatiwe katika chujio. Utando uoshwe kila siku kwa namna uliyoelekezwa, wala usisuguliwe kwa brashi au mchanga, kwa maana ile ngozi ya juu ndiyo thamani yake yote. Usiachwe ukakauka, ila kama mtengenezaji ameruhusu. Asitie mtu dawa ya klorini katika chujio asilojua polima yake, kwa sababu ziko polima, kama ile ya kutoa chumvi iitwayo poliamaidi, ambazo klorini huzila. Na maji yaliyokwisha chujwa yasirudishwe katika ndoo iliyochotea ziwani. Yawe na chombo chake chenye kifuniko na bomba, asitumbukize mtu kata wala mkono. Na ambaye hana chujio, asingoje: na achemshe, au atie dawa ya klorini kwa kipimo.

Wala haya si mageni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) aliamrisha vyombo vifunikwe usiku, akakataza mtu kupumua ndani ya chombo anyweapo, akakataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akawaonya kwa ukali wanaokwenda haja mahali watu wachotapo maji. Lau watu wa ufuko mmoja tu wa ziwa letu wangeyashika hayo manne, kazi ya machujio ingepungua nusu.

Enyi vijana mlio mashuleni, msidhani kemia ni somo la mtihani tu. Tando hizi mpaka leo nyingi zanunuliwa ng'ambo kwa fedha nyingi, na waliozibadili walizibadili kwa maji ya kwao. Mwani wa ziwa hili, tope la Kanoni na maji ya chemchemi za Kamachumu vyangoja mtu wa hapa avipime na kuvitengenezea ngozi inayovifaa. Mwenye kujifunza hilo kwa nia ya kuwaokoa watoto wa watu, twataraji kwa Mwenyezi Mungu kwamba elimu yake ni ibada.

Na nyinyi wenye uwezo, mwakumbuka kisa cha Saad bin Ubada (R.A.), aliyetaka kumtolea sadaka mama yake aliyefariki, akaelekezwa na Mtume (S.A.W.) kwamba sadaka iliyo bora ni maji, akachimba kisima. Chujio moja la wakfu katika msikiti au chuo cha watoto, pamoja na mtu mmoja aliyekabidhiwa kuliosha kila siku na kupewa ujira wake, ni kisima cha zama zetu. Lakini wakfu wa chujio bila mwoshaji ni kama msikiti bila mwadhini: jengo lipo, na kazi haipo.

Tumalizie pale tulipoanza, kwa yule mtoto aliyesimama ufukoni na ndoo yake. Maji aliyoyachota ni twahara, na baba yake atayatawadhia na kuswali, na Inshaallah Sala yake itakubaliwa. Lakini kabla hajampa mwanawe kikombe, na ajiulize swali la pili, ambalo jicho wala pua haviwezi kumjibu. Mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atunufaishe na neema ya maji aliyotupa, atuepushe na maradhi yaliyomo, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia maneno wakayafuata yaliyo mema. Amin.